Shingo Iliyovimba Ghafla: Hewa Inapovuja Katikati ya Kifua

Maneno ya mazungumzo ya afya kwa wakazi, yaliyotolewa katika siku ya wazi ya idara ya afya ya kaunti



Mada ya leo ni ugonjwa ambao wengi hawajausikia, kwa kuwa hauonekani kila siku. Lakini unapokuja, huja na vitisho. Kijana alikuwa mzima saa mbili usiku. Kufika saa nne shingo yake imefura kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, sauti imegeuka, na anasema kifua kinamchoma kila akivuta pumzi. Nyumbani maneno huanza papo hapo. Huyu anasema kalishwa sumu. Yule anasema ni jicho la mtu. Mwingine anakimbilia duka la dawa kununua vidonge vya mzio, na jirani mwenye moyo mwema anafika na kikombe cha maziwa. Kikombe hicho kitarudiwa baadaye, maana ndicho hasa kilicholeta mazungumzo haya.

Kwa lugha ya kitabibu hali hii huitwa nimomediastinamu. Jina ni refu, lakini maana yake ni nyepesi: hewa imeingia mahali isipopaswa kuwa. Mediastinamu ni ile nafasi ya katikati ya kifua, baina ya pafu la kulia na la kushoto, nyuma ya mfupa wa kidari na mbele ya uti wa mgongo. Ndimo ulimo moyo, mishipa mikubwa ya damu, bomba la pumzi, na umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Ni chumba kilichojaa vyombo vya thamani. Hewa yote inayopita humo inapaswa kubaki ndani ya bomba la pumzi na matawi yake. Ikivuja na kusambaa baina ya vyombo hivyo, pasipo ajali, kisu wala risasi, madaktari husema imevuja yenyewe.

Isichanganywe na nimothoraksi, ambayo baadhi ya wakazi wameisikia. Katika nimothoraksi hewa hukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, na pafu husinyaa. Hali hizi mbili zinaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutoishia kwa kukisia nyumbani.

Hewa hutoka wapi?

Mapafu si mifuko miwili mitupu. Ni viriba vidogo mno vya hewa, mamia ya mamilioni, vilivyoshikana kama sega la asali lenye kuta nyembamba kupita karatasi. Mtu anapobana pumzi na kusukuma kwa nguvu, au anapokohoa mfululizo bila kupata nafasi ya kupumua, shinikizo ndani ya viriba hupanda. Baadhi hupasuka. Hewa inayotoka hapo hufuata njia nyepesi. Hupita kandokando ya mishipa ya damu iliyo ndani ya pafu, kama maji ya mvua yanavyofuata ukingo wa mtaro, ikielekea katikati hadi kwenye shina la pafu na kuingia mediastinamu. Njia hiyo ilionyeshwa kwa majaribio ya wanyama na mtaalamu wa Kanada, Charles Macklin, ambaye mwaka wa 1944 aliandika kwa kirefu juu yake pamoja na mkewe Madge, naye mtaalamu pia. Hadi leo madaktari huiita kwa jina la Macklin.

Hewa haiishii kifuani. Nafasi ya katikati ya kifua haina mfuniko upande wa juu. Imeungana na nafasi laini zilizo baina ya misuli ya shingo, na shinikizo likizidi, hewa hupanda. Ndipo shingo hufura, wakati mwingine na mashavu, hata mabega. Uvimbe huo ndio unaotia familia hofu, lakini mara nyingi una nafuu ndani yake. Hewa ikipata njia ya kupandia shingoni, haijirundiki kwa nguvu kuzunguka moyo. Kinachoogofya macho hapa ni kama mlango wa dharura uliofunguka wenyewe.

Ipo dalili moja ambayo hata mtu asiye daktari anaweza kuitambua kwa ncha za vidole. Ngozi ya shingo, juu ya mfupa wa bega, ikibonyezwa polepole huchakarika. Husikika au kuhisika kama bisi zinazovunjika, au kama ile mifuko ya nailoni ya madukani kabla ya marufuku ya mwaka wa 2017. Ni viputo vya hewa vinavyosogea chini ya ngozi. Uvimbe wa mzio hauchakariki. Huo huja na mwasho, vipele, midomo na kope kufura. Mafindofindo hayachakariki pia. Kubonyeza mara moja kunatosha. Hakuna haja ya kila jirani kujaribu kidole chake.

Daktari ana dalili nyingine inayosikika kwa kipimo cha masikioni: mkwaruzo unaofuata mapigo ya moyo, pigo kwa pigo, hasa mgonjwa akilalia ubavu wa kushoto. Huitwa dalili ya Hamman, kwa jina la Louis Hamman, daktari wa Baltimore, Marekani, aliyeueleza ugonjwa huu kwa undani mwaka wa 1939. Si kila mgonjwa huwa nayo. Dalili za kawaida zaidi ni maumivu makali nyuma ya mfupa wa kidari yanayopanda shingoni au mgongoni, pumzi kuwa fupi, kikohozi, uchungu wakati wa kumeza, na sauti kuwa ya puani.

Nani hupatwa?

Wengi ni vijana, wanaume zaidi kuliko wanawake, na mara nyingi warefu wembamba. Lakini anayefaa kuangaliwa kwanza ni mwenye pumu. Pumu hubana vijia vya hewa. Hewa huingia kwa taabu na kutoka kwa taabu zaidi, na mgonjwa anakohoa huku viriba vimejaa hadi pomoni. Mtoto wa shule aliyekuwa akipiga mluzi kifuani wiki nzima, na ambaye inhela yake iliisha mwezi uliopita ikaonekana kununua nyingine ni gharama, ndiye hasa anayeweza kuamka na shingo inayochakarika. Kwake, hewa iliyovuja ni ishara ya kwamba pumu imeachiliwa. Kutibu uvimbe na kuisahau pumu ni kufuta maji sakafuni na bomba limeachwa wazi.

Wapo wengine. Mtu mwenye kikohozi kikali cha nimonia au kifua kikuu. Mtu aliyetapika usiku kucha. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imepanda mno hadi damu ikawa na asidi, akawa anahema kwa nguvu na kutapika. Aliyeinua gunia zito huku amebana pumzi. Anayepuliza tarumbeta, na shabiki aliyepiga kelele dakika tisini. Hata Covid-19 ilileta wagonjwa wa aina hii. Wapo pia wazamiaji wa baharini wanaotumia mitungi ya hewa. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji, kwa hiyo anayepanda huku amebana pumzi, hewa iliyo kifuani mwake hutanuka na kutaka kuwa mara mbili.

Vijana hawatafurahia linalofuata, lakini lazima lisemwe. Uvutaji wa bangi una mtindo wake: moshi huvutwa kwa nguvu, pumzi hubanwa kwa makusudi ili moshi ukae, halafu hufuata kikohozi. Mambo hayo matatu yakifuatana ndiyo yale yale yanayopasua viriba. Kijana akifika hospitalini na kuficha alichovuta, daktari atalazimika kutafuta sababu gizani, na pengine kumpitisha kwenye vipimo ambavyo havikuhitajika. Afisa wa kliniki anapouliza swali hilo anauliza kwa ajili ya kifua. Si askari.

Kwa watoto wadogo kuna onyo la pekee. Mtoto wa miaka miwili au mitatu aliyekuwa akila njugu au akichezea maharagwe, akapaliwa, kisha akabaki na kikohozi na shingo ikafura, huenda ana kipande kilichonasa kwenye njia ya hewa. Kipande hicho huruhusu hewa kuingia na kuizuia kutoka. Huyo apelekwe hospitalini mara moja, na asiingizwe vidole kooni kutafutwa kipande kisichoonekana.

Maziwa, na yule ofisa wa Uholanzi

Mwaka wa 1723 mkuu mmoja wa jeshi la majini la Uholanzi, Jan van Wassenaer, alikula karamu kisha akajitapisha, kama alivyozoea kufanya kila tumbo likimlemea. Safari hii alipiga yowe. Alihisi kitu kimepasuka kifuani. Daktari mashuhuri kuliko wote wa zama zile, Herman Boerhaave, aliitwa na hakuweza kufanya lolote. Mgonjwa alifariki kabla ya siku moja kuisha. Maiti ilipopasuliwa, umio ulikutwa umekatika, na vyakula na vinywaji vya karamu, hata mafuta ya zeituni aliyokunywa kama dawa, vilikuwa vimemwagikia kifuani. Boerhaave aliandika kisa hicho mwaka uliofuata, na umio uliopasuka kwa kutapika huitwa kwa jina lake hadi sasa.

Hapa ndipo maziwa yanaporudi. Hewa ikitokea kwenye viriba vya pafu, kwa kawaida hufyonzwa na mwili na mgonjwa hupona. Hewa ikitokea kwenye tundu la umio, haiji peke yake. Huja na mate, chakula, asidi ya tumbo na vijidudu. Kwa macho, wagonjwa hawa wawili wanaweza kufanana kabisa: maumivu yale yale ya kifua, shingo ile ile inayochakarika. Wa kwanza anahitaji kupumzika. Wa pili anahitaji dawa za viuavijasumu na mara nyingi upasuaji, na kila saa inayopita inampunguzia nafasi ya kupona. Sasa apewe kikombe cha maziwa kwa kudhaniwa amelishwa sumu. Kama umio una tundu, maziwa hayafiki tumboni. Yanamwagika pembeni mwa moyo.

Na kuna nyumba ambako, baada ya maziwa, mgonjwa hushurutishwa atapike.

Kwa hiyo mtu yeyote aliyetapika kisha akashikwa na maumivu makali ya kifua, au shingo ikafura, asipewe chochote kinywani. Asipewe maziwa, maji, uji, dawa ya kienyeji, wala tembe ya maumivu. Asikandwe kifua wala shingo, maana hewa iliyo chini ya ngozi haikamuliwi ikatoka. Asichanjwe pia, kwa kuwa chale huingiza vijidudu na haitoi hewa. Aketishwe akiwa ameegemea, afunguliwe vifungo vya shingoni, na usafiri utafutwe. Kama ni bodaboda pekee inayopatikana, akae katikati na mtu wa kumshika nyuma, na mwendo uwe wa taratibu kwenye matuta. Gari ni bora.

Anayemsindikiza abebe jibu la swali moja: mgonjwa alikuwa akifanya nini kabla maumivu hayajaanza? Alitapika kwanza ndipo kifua kikauma? Alikuwa akikohoa kwa pumu? Alivuta kitu? Aliinua mzigo? Alipigwa au kuanguka, hata kama anaona haya kusema? Jibu hilo, likitolewa kwa ukweli, lina uzito kama picha. Mhudumu anayesikia “alitapika, halafu kifua” atafikiria umio kabla ya kitu kingine chochote, na hatapoteza usiku mzima akiutibu mzio.

Hospitalini

Zahanati ni mahali pazuri pa kuanzia kama ndiyo iliyo karibu, lakini haiwezi kumaliza kazi. Muuguzi atapima pumzi, mapigo na kiasi cha oksijeni kwa kile kifaa kinachobana kidole, kisha mgonjwa apewe barua ya kwenda penye eksrei. Picha ya kifua hupigwa kutoka mbele na kutoka ubavuni. Hewa huonekana kama mistari myeusi inayozunguka moyo na kupanda shingoni. Ikiwa kidogo mno, eksrei inaweza isiione, na hapo skani ya siti huitambua. Kama umio unashukiwa, mgonjwa humeza dawa maalumu inayoonekana pichani, ili tundu lijioneshe. Hilo ndilo jambo pekee analoruhusiwa kumeza, tena chini ya macho ya madaktari.

Ikithibitika kwamba umio ni mzima na mapafu hayajasinyaa, matibabu huwashangaza watu kwa udogo wake. Hakuna kisu, wala bomba la kifuani kwa wagonjwa wengi. Mgonjwa hulazwa siku moja au mbili aangaliwe, hupewa dawa ya maumivu na dawa ya kutuliza kikohozi, na pumu yake hutibiwa ipasavyo. Pengine huwekewa oksijeni. Watu hudhani oksijeni ni ya waliozidiwa tu, lakini hapa ina kazi nyingine. Sehemu kubwa ya hewa ya kawaida, karibu asilimia 78, ni naitrojeni, ambayo mwili huifyonza polepole. Mgonjwa akivuta oksijeni nyingi, naitrojeni hupungua katika damu, na ile iliyonaswa chini ya ngozi huondoka haraka zaidi. Kwa kawaida uvimbe huisha ndani ya siku chache hadi wiki moja au mbili.

Familia nyingine hulalamika: mgonjwa wao hakufanyiwa kitu. Amelazwa tu, ameambiwa apumzike, ametolewa. Malalamiko hayo yanaeleweka, hasa kama nauli ilikopwa. Lakini siku hiyo moja ya kuangaliwa si ya bure. Ndiyo inayoonyesha kama homa inapanda, kama moyo unakwenda mbio, kama maji yanajaa pembeni mwa pafu. Hizo ni alama za umio ambazo huenda hazikuwepo saa ya kwanza.

Kuhusu gharama, mkazi aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, aende na kitambulisho chake. Lakini asiyejisajili naye asibaki nyumbani. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mwenye midomo inayogeuka rangi, aliyechanganyikiwa, au mwenye maumivu makali ya kifua baada ya kutapika, yuko katika dharura. Makaratasi hufuata nyuma.

Akina mama

Sehemu hii imewekwa mwisho kwa sababu inahitaji utulivu. Mama anayejifungua, hasa mtoto wa kwanza, husukuma kwa kubana pumzi mara nyingi kwa muda mrefu, na wengine hewa huvuja. Jambo hilo halikuanza leo. Louise Bourgeois, mkunga wa malkia wa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, anatajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kuliandika. Mara nyingi uvimbe wa uso na shingo huonekana mtoto akikaribia kutoka au amekwisha kutoka. Mama huogopa, wakwe huogopa zaidi, na wapo wanaotafsiri uso uliofura kuwa ishara mbaya kwa mtoto. Kwa kawaida mama hupona kama wagonjwa wengine, na uvimbe huo haumfuati mtoto. Lakini uso kufura kwa mama mjamzito au aliyejifungua kunaweza pia kuwa dalili ya shinikizo la damu la uzazi, ambalo linaua. Ni lazima apimwe presha siku hiyo hiyo, na kama alijifungulia nyumbani, apelekwe kituoni pamoja na mtoto.

Baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mgonjwa yeyote wa hewa iliyovuja apumzishwe kwa majuma kadhaa kutoka kwa kubeba magunia na mitungi ya maji, kupuliza vyombo vya muziki na michezo ya kukimbia, hadi daktari aseme yu tayari. Akifunga choo, aombe dawa ya kulainisha, kwani kujikakamua chooni nako ni kubana pumzi na kusukuma. Asipande ndege wala kuzamia bila kuuliza kwanza. Ugonjwa huu hurudi kwa wachache tu. Mwenye pumu aondoke hospitalini akiwa na inhela mkononi na akiwa ameonyeshwa namna ya kuivuta. Wengi hupuliza dawa ikaishia kwenye ulimi. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba waombwe kuangalia inhela hizo: kama zina dawa, kama zimepita muda, na kama mtoto hulala chumba kimoja na jiko la kuni linalofuka moshi.